Mkichukua picha, chukueni na maelezo yake

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nisahihishe picha moja mliyoichapisha na, kwa idhini yako, nieleze kwa nini kosa la aina hiyo linatuuma sisi tunaotunza picha kuliko linavyoweza kuonekana kwa msomaji mwingine. Mimi ni mmoja wa watu wachache hapa Lubumbashi wanaoendesha hifadhi ya picha za Doctor Who, tamthilia ya Uingereza ya hadithi za kubuni za kisayansi, iliyoanza kurushwa na BBC tarehe 23 Novemba 1963, ikasimamishwa mwaka 1989, na baada ya filamu moja tu ya televisheni mwaka 1996 ikarudi hewani mwaka 2005. Hatulipwi kwa kazi hii, wala BBC haikututuma. Huku kwetu wengi tuliifahamu kwanza ikiwa imetafsiriwa kwa Kifaransa, tukaipenda, na mapenzi hayo ndiyo yaliyotufikisha kwenye kazi ya kuandika tarehe chini ya picha.

Makala yenu kuhusu Ncuti Gatwa, mwigizaji aliyezaliwa Rwanda na kulelewa Scotland, ambaye alianza kuonekana kama Daktari, mhusika mkuu wa tamthilia hiyo, mwezi Desemba 2023, ilikuwa nzuri, na ilisomwa kwa hamu hata na watu ambao hawajawahi kuitazama tamthilia yenyewe. Tatizo liko kwenye picha ndogo iliyo chini ya makala, ya mzee mwenye nywele nyeupe ndefu, ambayo mmeiandikia kuwa ni William Hartnell, Daktari wa kwanza, mwaka 1963. Mzee yule si Hartnell. Ni David Bradley, na picha imenaswa kutoka kwenye kipindi cha Krismasi kiitwacho “Twice Upon a Time”, kilichorushwa tarehe 25 Desemba 2017, wakati Hartnell alikuwa amekwisha kufariki tangu mwaka 1975.

Picha hiyo ilitoka katika hifadhi yetu. Nasema hivyo bila wasiwasi kwa sababu televisheni ya Uingereza huonyesha fremu 25 kwa kila sekunde, na katika tendo lile la sekunde chache sisi tulichagua fremu moja tu, ambayo vidole vya Bradley ndiyo kwanza vinagusa ukosi wa koti. Fremu inayoitangulia ina ukungu wa mkono unaotembea, na inayofuata amefumba macho. Chini ya picha hiyo, kwenye hifadhi, limeandikwa jina la mwigizaji, jina la kipindi, tarehe ya kurushwa, na kwamba picha imenaswa kutoka kwenye matangazo. Kilichofika kwenu ni picha bila maandishi hayo, tena ikiwa imeondolewa rangi na kukatwa pembeni hadi ikakaribia umbo la skrini za zamani. Kama hayo yalifanyika katika chumba chenu cha habari au mahali ilipopitia kabla, msomaji amepewa picha ya mwaka 2017 akiambiwa ni ya miaka 54 kabla yake.

Sitaki kuonekana kwamba nawalaumu kwa kutotambua sura. Tamthilia hii yenyewe imeweka mitego mingi. Daktari ni kiumbe ambaye, akifikwa na mauti, hujigeuza akapata mwili mpya, na kwa njia hiyo mwigizaji mmoja humwachia mwingine nafasi bila hadithi kukatika. Lakini Daktari huyo wa kwanza ameigizwa na watu watatu: Hartnell tangu 1963 hadi 1966, Richard Hurndall katika “The Five Doctors” cha mwaka 1983, na Bradley tangu mwaka 2017. Juu ya hayo, Bradley huyohuyo alikuwa amemwigiza Hartnell mwenyewe, yaani mwigizaji na si mhusika, katika tamthilia ya mwaka 2013 iliyosimulia jinsi kazi nzima ilivyoanza. Kwa hiyo ukikuta picha ya Bradley akiwa katika mavazi yale, bado hujamaliza kazi. Inabidi uulize kama anamwigiza Daktari au anamwigiza mtu anayemwigiza Daktari. Na “Twice Upon a Time” chenyewe kinaanza kwa vipande vya picha za Hartnell za mwaka 1966, halafu sura yake inayeyuka mbele ya macho ya mtazamaji na kuwa sura ya Bradley. Fremu za katikati, ambazo pua ni ya mmoja na macho yanaelekea kuwa ya mwingine, tumeziweka katika folda ya peke yake, na hatukuziandikia jina la yeyote kati yao bila la mwenzake.

Huenda msomaji akauliza kuna hasara gani iwapo mzee mmoja mwenye nywele nyeupe ameitwa kwa jina la mwingine. Jibu langu linatokana na historia ya tamthilia hii, ambayo sehemu yake kubwa tunaifahamu leo kwa sababu tu kuna watu waliotunza picha pamoja na maelezo yake. Katika miaka ya 1960 zilitengenezwa sehemu 253. Mikanda ya video ilikuwa ghali, na BBC iliifuta ili itumike tena. Nakala za filamu ya milimita 16, ambazo zilitengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nchi za nje, nazo ziliteketezwa zilipoonekana hazina soko tena. Ufutaji huo ulikoma mwaka 1978. Tangu hapo sehemu zilizopotea zimekuwa zikirudi moja moja, nyingine kutoka kwa watu binafsi, nyingine kutoka vituo vya televisheni vya mbali, na ugunduzi mkubwa kuliko mwingine wa miaka ya karibuni ulitoka katika bara letu: mwaka 2013 ilitangazwa kwamba Philip Morris, mtafutaji wa filamu zilizopotea, alikuwa amezikuta katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria, filamu za visa viwili, “The Enemy of the World” na “The Web of Fear”, zikarudisha sehemu 9 ambazo hazikuwapo. Baada ya ugunduzi huo zilibaki 97. Nakala za namna hiyo zilikuwa zikitumwa kutoka kituo hadi kituo, hadi Zambia hapo ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, na ndiyo maana mimi siwacheki watu wanaofungua makopo ya filamu yenye kutu.

Sehemu ambazo hazijarudi hatukuachiwa mikono mitupu. Sauti zake zote zipo, kwa kuwa mashabiki wa wakati ule, wengine wakiwa vijana wadogo, walizirekodi nyumbani kwa mashine za kanda. Na picha zipo kwa sehemu kubwa kwa ajili ya mtu mmoja, John Cura, aliyekuwa na biashara ya kupiga picha za skrini ya televisheni vipindi vikiwa hewani na kuwauzia waigizaji na waongozaji, ambao zama hizo hawakuwa na njia nyingine ya kubaki na kumbukumbu ya walichokifanya. Kwa kawaida alipiga kati ya picha 60 na 80 kwa kipindi kimoja, ndogo sana, zikasafishwa kwa safu kwenye karatasi kama zilivyofuatana kwenye filamu. Alifariki mwaka 1969, na karatasi nyingi zilibaki katika hifadhi ya maandishi ya BBC huko Caversham.

Hapa naomba nikawie kidogo, maana ndipo kiini cha barua yangu kilipo. Ukizitazama picha za Cura moja moja, nyingi si nzuri. Kuna mlango uliofungwa, kuna mgongo wa mtu, kuna ukumbi usio na mtu yeyote. Picha ya ukumbi mtupu, ukiichomoa katika safu yake, haina thamani yoyote, kwa sababu kumbi za namna hiyo zimo katika visa chungu nzima. Ikiwa ndani ya safu, huku inayotangulia ikionyesha mtu akitoka na inayofuata ikionyesha mwingine akiingia, unaweza kuiweka juu ya rekodi ya sauti, ukasikia hatua za miguu, na ukajua ni sekunde ipi ya sehemu ipi. Sehemu ya 3 ya “The Web of Fear”, ambayo haikuwamo miongoni mwa zile zilizotolewa mwaka 2013, iliwafikia watazamaji kwa njia hiyohiyo: sauti ya shabiki na picha za Cura zikifuatana. Mtu angekuwa amezikata zile safu ili abaki na sura za waigizaji mashuhuri tu, kama wafanyavyo wengi leo kwenye simu zao, kazi hiyo isingewezekana.

Mfano mwingine unanifurahisha kwa ukaidi wake. Wakaguzi wa Australia walikuwa wakikata vipande walivyoona vinatisha watoto kabla ya kuruhusu tamthilia irushwe nchini mwao. Vipande hivyo vilihifadhiwa serikalini pamoja na kumbukumbu za ukaguzi, na mwaka 1996 vilipatikana, vikiwa ndivyo vipande pekee vinavyotembea vya baadhi ya sehemu zilizoteketezwa. Kwa maneno mengine, kilichopigwa marufuku kimebaki na kilichoruhusiwa kimepotea, na tunajua kila kipande ni cha wapi kwa kuwa karani fulani aliandika alichokata na amekikata katika sehemu gani.

Watu wa Lubumbashi hatuhitaji kwenda Australia ili tuelewe jambo hili. Sammy Baloji, msanii wa picha, katika kazi yake ya “Mémoire” ya mwaka 2006, aliwatoa wafanyakazi wa zama za ukoloni katika picha za kale na kuwasimamisha mbele ya magofu ya migodi ya leo. Tunawaona vizuri kabisa, lakini wengi wao hatuwezi kuwataja kwa majina. Hao walikuwa watu wa kweli, na tamthilia ya kubuni haiwezi kulinganishwa nao. Nataja tu kwamba mji huu una sababu zake za kuijali karatasi iliyobandikwa nyuma ya picha.

Sasa niseme jinsi tunavyofanya kazi, kwa kuwa nadhani wahariri wengi huchukulia hifadhi ya mashabiki kuwa rundo lisilo na mwenyewe. Sehemu moja ya zamani, ya dakika 25, ina fremu 37,500. Huwezi kuziweka zote na hakuna atakayezitaka. Anayenasa hutazama sehemu nzima kwanza bila kugusa kitu, halafu huirudia akisimama kila sura mpya inapoingia, kila chombo au vazi linapoonekana kwa mara ya kwanza, na kila mahali panapobadilika. Video ya studio ya wakati ule ilipigwa kwa mistari inayopishana, nusu ikitangulia na nusu ikifuata, hivyo ukisimamisha picha ya mtu anayetembea, kingo za mkono wake hutoka meno kama kitana. Inabidi kuunganisha upya au kutafuta fremu tulivu. Picha za hadi mwaka 1989 zina uwiano wa 4 kwa 3, na za tangu 2005 zina uwiano wa 16 kwa 9. Mtu akiivuta ya kwanza ili ijae skrini ya kisasa, waigizaji wote hunenepa mashavu, na picha hizo ndizo tunazozikataa mara nyingi kuliko nyingine zote.

Jina la faili huanza na tarehe ya kurushwa, kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku, kisha jina la kisa na namba ya sehemu. Hata tarehe ina matata yake. Sehemu ya kwanza kabisa ilirushwa tarehe 23 Novemba 1963 na ikarudiwa tarehe 30, kabla ya sehemu ya pili, kwa kuwa Rais Kennedy alikuwa ameuawa siku moja kabla ya kipindi kuanza, na kwa kuwa baadhi ya maeneo ya Uingereza yalikatikiwa umeme jioni ile (msomaji wa Lubumbashi hahitaji kufafanuliwa). Tena sehemu hiyo ilirekodiwa mara mbili: ya Septemba ilikataliwa, ikarudiwa Oktoba. Katika ile iliyokataliwa Daktari amevaa koti na tai za kisasa. Katika iliyorushwa amevaa mavazi ya kizamani ambayo baadaye yakawa alama yake. Picha nyingi zinazosambaa za “kipindi cha kwanza” ni za rekodi ile iliyokataliwa, ambayo mtazamaji wa mwaka 1963 hakuiona.

Baada ya hapo kinachobaki ni kutunza. Nakala kuu zimo katika diski mbili za nje zinazokaa katika nyumba mbili tofauti, na kupakia mtandaoni hufanyika usiku wa manane, wakati mega za intaneti ni nafuu na umeme upo. Picha hatuihifadhi upya kwa kuibana juu ya kubanwa, kwa sababu kila mara inapoteza kitu, na baada ya kupita katika simu za watu watano vitambaa vya mavazi huwa kama vimepakwa rangi ya nyumba.

Kuhusu rangi nina neno refu kidogo, kwa kuwa picha yenu iliondolewa rangi ili ionekane ya kale, na watu wengi huamini kwamba yenye rangi ni mpya na isiyo na rangi ni ya zamani. Tamthilia ilianza kurushwa kwa rangi tarehe 3 Januari 1970, Jon Pertwee, Daktari wa tatu, alipoingia. Hata hivyo wapiga picha walikuwa wakipiga za rangi kwenye studio katika miaka ya 1960, kwa hiyo ipo picha halali ya Hartnell yenye rangi. Halafu, tarehe 23 Novemba 2023, kisa cha kwanza cha Dalek, maadui wa Daktari, kilirushwa upya kikiwa kimetiwa rangi kwa kompyuta, na picha zake zimesambaa kana kwamba zilipigwa hivyo. Upande wa pili vipo visa vya Pertwee vilivyotengenezwa kwa rangi na kubaki katika filamu isiyo na rangi pekee, iliyokuwa imekwenda kuuzwa nje. Wataalamu waligundua kwamba filamu hiyo ilikuwa imenasa vidoti vidogo vya ishara ya rangi, wakavitumia kuirudisha. Katika “The Mind of Evil” cha mwaka 1971 sehemu ya kwanza haikuwa na vidoti hivyo, ikabidi itiwe rangi upya kwa mkono, ilhali zilizofuata zilirejeshwa kwa vidoti. Picha mbili za kisa kimoja, za mwigizaji mmoja aliyevaa vazi moja, zinaweza basi kuwa na rangi za asili mbili tofauti. Sisi tunaandika ipi ni ipi. Hiyo ni kazi ya mistari miwili, lakini ikikatwa hakuna jicho linaloweza kuirudisha.

Siku hizi umeongezeka usumbufu mwingine, wa programu zinazodai kusafisha picha. Hupewa fremu hafifu ya mwaka 1966 na kurudisha uso wenye kope zilizohesabika na meno meupe. Kope hizo hazikuwamo, programu imezitunga. Tunazikataa picha hizo hata zinapopendeza, na kwa kweli hasa zinapopendeza, kwa kuwa ndizo zitakazoshinda zile za kweli katika kusambazwa.

Najua mnaweza kujibu kwamba picha si zetu, na kwa hiyo hatuna haki ya kulalamika. Ni kweli si zetu. Fremu za tamthilia ni mali ya BBC, na picha za studio zina wapiga picha wake. Kwa sababu hiyo hatuuzi picha yoyote, hatuweki matangazo ya biashara, tunaiondoa picha mwenye haki akitutaka, na hatupigi mhuri wa jina letu juu ya uso wa mwigizaji kama wafanyavyo wengine, jambo ambalo naliona ni ujeuri wa mgeni kuandika jina lake mlangoni. Picha za faragha za waigizaji, wakiwa na watoto wao au njiani, hatuzipokei kabisa. Sidai malipo wala shukrani. Kazi yetu iliyo yetu kweli ni yale maelezo, na hayo tunayatoa bure ili yachukuliwe.

Ombi langu, Mheshimiwa Mhariri, ni mambo machache. Chapisheni masahihisho katika ukurasa uleule wa utamaduni, na mrekebishe nakala iliyo mtandaoni, kwa sababu hiyo ndiyo itakayonukuliwa na gazeti jingine mwakani. Mnapochukua picha kutoka hifadhi yoyote, yetu au nyingine, msibadilishe jina la faili mpaka maelezo yamekwisha kunakiliwa kwenye ukurasa. Na mkiikata au kuiondoa rangi, semeni hivyo kwa maneno mawili chini yake. Makala ya Gatwa ilistahili pia picha ya Hartnell wa kweli, na zipo, zilizo wazi na zenye tarehe. Nimeambatisha tatu pamoja na barua hii, kila moja ikiwa na jina la kisa, namba ya sehemu na tarehe ya kurushwa. Ya tatu ni ya “The Tenth Planet”, Oktoba 1966, kisa chake cha mwisho kabla ya kumwachia nafasi Patrick Troughton; sehemu ya nne ya kisa hicho imepotea, ila tendo la kujigeuza lenyewe limesalia kwa kuwa kipindi cha watoto cha Blue Peter kilikionyesha kipande hicho mwaka 1973, na picha hii imetoka humo. Mkiitumia, tafadhali acheni mwaka 1973 nao uonekane.

Wako katika kazi,

Mtunza picha,
Kamalondo, Lubumbashi